Serikali Iseme Hapana Mapema

Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, DGM, ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Haikufuta hukumu ya mahakama yoyote. Haikubatilisha cheti cha kuasili wala pasipoti ya mtoto hata mmoja. Ilizuia karatasi moja, ile ya mwisho, ambayo bila hiyo mtoto hapandi ndege pale Ndjili, uwanja wa ndege wa Kinshasa. Kwa karatasi hiyo watoto zaidi ya 1,000, kwa hesabu zilizotajwa wakati ule, wakabaki Kongo huku sheria ya nchi yao wenyewe ikiwatambua kuwa watoto wa watu wanaoishi Marekani, Italia, Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko. Wengi walikaa hivyo zaidi ya miaka miwili.

Anayetaka kuuona ukatili wa hali hiyo na aipitie kisheria, hatua kwa hatua. Mama aliyemzaa mtoto, kama yupo hai, mahakama imekwisha kumtoa. Haki zake zimehamishwa kwa hukumu, muda wa rufaa umepita, na cheti cha kuthibitisha kwamba hakuna aliyekata rufaa kimetolewa. Mama wa kuasili amekwisha kukabidhiwa haki zote hizo, lakini yuko ng'ambo ya bahari na hana namna ya kuzitumia. Anayelala na mtoto, anayemwogesha na kumkimbiza zahanati usiku homa inapopanda, ni mlezi wa kituo au familia inayolipwa kwa mwezi, na mbele ya sheria huyo si mzazi. Mwenye mamlaka hayupo, na aliyepo hana mamlaka. Baadhi ya watoto walifariki katika kipindi hicho cha kusubiri, huku wazazi wao wa kuasili wakipokea habari za msiba kwa simu.

Dola ina haki ya kukataa mtoto wake asipelekwe nje. Naiunga mkono haki hiyo kwa moyo wote. Ila ikatae mapema, kabla picha ya mtoto haijatumwa kwa mtu yeyote na kabla mtoto hajafundishwa kumwita mgeni mama kwenye simu. Mahakama yake ikishakubali, serikali imalize ilichokianza. Au kama ina shaka, ifungue upya jalada la kila mtoto, moja moja, na itoe uamuzi wenye tarehe. Kumwacha mtoto katikati bila kuamua chochote ni kumtumia mtoto kama rehani ya ugomvi wa watu wazima.

Kisa cha Waitaliano kinaonyesha jambo hili lilivyo chungu. Novemba 2013 Cécile Kyenge, waziri wa Italia aliyezaliwa Kambove kule Katanga, alikwenda Kinshasa kuzungumza na serikali juu ya familia ambazo majalada yao yalikuwa yamekamilika kabla ya zuio. Ilionekana kwamba njia imepatikana. Zaidi ya wanandoa 20 wakafunga safari. Waliwapata watoto wao, wakaishi nao Kinshasa, wakala nao Krismasi wakisubiri mhuri wa kutoka. Mhuri haukuja. Viza zikaisha, ruhusa za kazini zikaisha, na baadhi yao wakalazimika kuwaacha watoto na kurudi Italia mikono mitupu. Hadi Mei 2014 ndipo ndege ya serikali ya Italia ilipotua Roma na watoto 31, waziri Maria Elena Boschi akiwa amefuatana nao.

Mtoto wa miaka mitatu hajui DGM ni nini. Anachojua ni kwamba walikuja watu wawili, wakamlalisha katikati yao kwa wiki kadhaa, wakamnunulia viatu, kisha siku moja wakaondoka. Walezi wa makao ya watoto wanajua mtoto wa namna hii anavyokuwa baadaye: hulia akimwona mgeni yeyote akibeba begi, au halii tena kabisa, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

Pamoja na hayo, Kongo haikuzua sababu zake. Mwezi uleule wa Septemba 2013, wiki mbili hivi kabla ya zuio, shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi mrefu ulioonyesha jinsi baadhi ya wazazi wa Marekani, waliposhindwa na watoto waliowaasili kutoka nchi za nje, walivyokuwa wakiwagawa kwa watu wasiowajua kupitia makundi ya mtandaoni, bila mahakama wala ofisa ustawi wa jamii kuhusika. Kinshasa ilisema ina taarifa za watoto wa Kikongo walioteswa au kupitishwa familia nyingine huko walikokwenda, na ikalalamikia udanganyifu katika nyaraka. Serikali gani inayojiheshimu ingesikia hayo ikanyamaza?

Kuna pia kumbukumbu ya zamani zaidi. Wakati wa ukoloni, utawala wa Ubelgiji uliwachukua watoto waliozaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu, ukawatenga na mama zao na kuwapeleka misheni za mbali, kila mtoto na karatasi yake. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa namna hiyo wakiwa wadogo, kwamba kitendo hicho kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake hao walikuwa bibi wenye miaka zaidi ya 70 walipoisikia haki yao ikisomwa. Kwa hiyo Mkongo akiwa na wasiwasi na mgeni anayekuja na mhuri kuchukua mtoto, asiambiwe kwamba hana shukrani. Ana historia.

Tatizo langu ni kazi iliyofanyika, au isiyofanyika, ndani ya miaka ile miwili. DGM ni ofisi ya mipaka. Inajua kukagua pasipoti. Swali lenye uzito haliwezi kujibiwa uwanja wa ndege: je, mama wa mtoto huyu yupo? Aliulizwa? Aliielewa karatasi aliyowekea dole gumba? Jibu la maswali hayo liko kijijini, kwa chifu, kwa mkunga, kwa jirani aliyemwona mtoto akizaliwa. Anayelitafuta ni mtu mwenye pikipiki, muda na lugha ya pale, anayekwenda kabla ya kesi kufunguliwa. Kazi hiyo haifanyiki kwa kufunga dirisha Kinshasa na kuwaacha mabalozi wapige simu.

Na simu zilipigwa. Marekani ilimtuma waziri wake wa mambo ya nje, John Kerry, aliyefika Kinshasa Mei 2014 na kuligusia suala hilo. Wabunge waliandika barua. Wazazi waliandamana, wengine wakahamia Kinshasa kabisa kuishi na watoto wao. Novemba 2015 kundi la kwanza likaruhusiwa. Februari 2016 likafuata kubwa zaidi. Kila kundi lilipotangazwa kulikuwa na furaha, na sina neno dhidi ya furaha hiyo. Lakini mlango uliofunguliwa kwa shinikizo hauchagui vizuri wa kumpitisha.

Ushahidi ni Gemena. Ni mji wa kaskazini magharibi mwa Kongo, mbali sana na Kinshasa. Wazazi wa pale waliambiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kinshasa kwa mapumziko ya likizo na watarudi. Watoto walifikia katika kituo kilichoitwa Tumaini, wakatengenezewa nyaraka zinazowaonyesha kuwa yatima au waliotelekezwa, na mwaka 2015 wakafika Ubelgiji kwa familia ambazo zilikuwa zimesubiri kwa miaka na hazikujua lolote. Mwaka 2017 waandishi wa gazeti la Ubelgiji la Het Laatste Nieuws waliifuatilia habari hiyo hadi kwa wazazi wenyewe. Waendesha mashtaka wa Ubelgiji walifanya uchunguzi, vipimo vya vinasaba vikathibitisha undugu, na mwanasheria aliyekuwa nyuma ya kituo hicho akafunguliwa mashtaka.

Zuio lililodumu zaidi ya miaka miwili, lililotungwa mahsusi kukomesha udanganyifu, halikuwanasa watoto hao. Walipita mlango wa mbele, mihuri yote ikiwa imepigwa. Wakati huohuo liliwashikilia mamia ya wengine ambao hakuna aliyewahi kuonyesha kasoro katika majalada yao. Waliokaguliwa ni wote na waliokaguliwa kweli hakuna.

Sasa niambie, mtoto wa Gemena ni wa nani? Sheria ya Ubelgiji inamtambua mama mmoja, damu inamtambua mwingine. Mtoto mwenyewe amesahau Lingala, anaandika insha kwa Kifaransa au Kiholanzi, ana rafiki wa dawati moja na paka nyumbani. Mama wa Gemena hakuuza, hakutoa, hakutia saini. Alimfungia mwanawe nguo za safari ya likizo. Mama wa Ubelgiji hakuiba. Alifuata kila hatua aliyoelekezwa na serikali yake. Hakuna hakimu anayeweza kuandika hukumu itakayomrudishia kila mmoja alichopoteza. Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa neno mapema. Miezi sita ya kuuliza maswali Gemena kabla ya mtoto kuondoka ingegharimu mafuta ya pikipiki na posho ya ofisa mmoja.

Uganda nako walipita njia nyingine hadi palepale. Sheria ya Watoto iliyokuwepo ilimtaka mgeni amlee mtoto kwa miezi 36 kabla ya kumwasili. Mawakili wakagundua uchochoro: waliomba amri ya ulezi tu, Mahakama Kuu ikaitoa baada ya muda mfupi, na mtoto akaruka kwenda kuasiliwa Marekani. Familia za vijijini ziliahidiwa kwamba watoto wanapelekwa Kampala kusoma. Mwaka 2016 Bunge la Uganda lilirekebisha sheria, likaufanya ulezi kuwa wa raia pekee na kupunguza muda wa malezi kwa mgeni hadi miezi 12. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na mawakala waliohusika na mpango huo. Baadhi ya familia za Marekani zilikuja kugundua kwa masikio yao wenyewe, pale mtoto alipojifunza Kiingereza cha kutosha kusema kwamba mama yake yuko nyumbani na anamsubiri.

Lipo jambo hapa ambalo wageni hawalioni na sisi tunalisahau kwa kuwa tumelizoea. Kwetu mtoto hulelewa na wengi. Huenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba mwenye kazi mjini. Husomeshwa huko, hurudi sikukuu, na jina lake na ukoo wake haviguswi. Katika kafala ya Waislamu, ambayo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua, mlezi hubeba jukumu lote bila kumvua mtoto nasaba ya baba yake. Mzazi wa kijijini anapoambiwa kuna watu wema watakaomsomesha mwanawe, hayo ndiyo anayoyakubali. Sheria ya kuasili ya nchi za Magharibi, kwa kawaida, inafanya kitu tofauti kabisa: inakata. Jina jipya, cheti kipya cha kuzaliwa, urithi mpya, na aliyemzaa anakuwa mtu baki. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 unataka kila anayetoa ridhaa ashauriwe na kuelezwa hasa kama undugu wa kisheria utakatika, na ridhaa hiyo isipatikane kwa malipo. Kenya, Rwanda na Burundi zimejiunga nao. Kongo haikuwa mwanachama wakati wa zuio.

Kujiunga peke yake hakutoshi, na Kenya ni mfano. Mkataba ulianza kutumika kwake mwaka 2007, lakini Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku wageni kuasili na kufuta leseni za mashirika yaliyoshughulikia kazi hiyo, papo hapo. Wageni waliokuwa Nairobi katika ile miezi mitatu ya kuishi na mtoto chini ya uangalizi, ambayo sheria ya Kenya yenyewe iliwataka waitimize, waliamka asubuhi hawajui walale upande gani. Mwaka 2019 marufuku ikatangazwa tena. China nayo, Septemba 2024, ilitangaza kufunga mpango uliokuwa umepeleka watoto zaidi ya 160,000 nje tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mamia ya familia za Marekani zilizokwisha kupewa jina na picha ya mtoto kabla ya korona zikaambiwa basi. Wengi wa watoto hao ni wenye ulemavu au maradhi. Walikuwa wameonyeshwa picha za vyumba vyao.

Nchi inayoweza kufunga mlango bila kumbana mtoto vidole ipo jirani yetu. Mwaka 2010 Rwanda ilisitisha kupokea maombi mapya ya wageni, ikatoa tarehe ya mwisho, Agosti 31, na ikaendelea kuyashughulikia yale yaliyokwisha kupokelewa. Kisha ikarudi kwenye kiini: watoto wenyewe. Kupitia mpango wa Tubarerere Mu Muryango, ikisaidiana na UNICEF, ilianza kuwatoa watoto katika vituo na kuwarudisha kwa ndugu au kuwatafutia familia za kuwalea ndani ya nchi. Serikali ilisema hapana, ikaisema kwa wakati, na ikawa na jibu kwa mtoto anayeuliza, "Sasa mimi nalala wapi?"

Najua wapo wasomaji watakaosema wageni hawa wana fedha, wacha wasubiri, kusubiri hakujaua mtu. Hoja hiyo inamsahau mtoto. Mwaka mmoja kwa mtu wa miaka 40 ni mwaka. Kwa mtoto wa miaka miwili ni nusu ya maisha yake. Wengine watasema kinyume: mtoto katoka kituoni, kapata shule na hospitali, mengine ya nini? Kwao nina jibu fupi. Umaskini wa mama si sababu ya kumnyang'anya mwanawe. Watoto wengi walioko vituoni Afrika wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na aliyewapeleka hapo ni njaa au ada ya shule. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, katika kifungu cha 24, umeliweka jambo hili sawasawa: kuasiliwa nje ya nchi ni njia ya mwisho, baada ya nyingine kushindikana. Ya mwisho haina maana ya haipo. Wapo watoto ambao kweli hawana mtu, na kwa hao sheria isigeuke ukuta.

Tanzania tumechagua kusema hapana mapema, na nadhani tulichagua vema. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto husika chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Inakera wengi, lakini inakera kabla ya mtoto kuingizwa. Hatari ni pale sharti linapolegea kwa mwenye jina. Malawi walimkatalia mwanamuziki Madonna kuasili mtoto mwaka 2009 kwa sababu ya ukaazi, kisha miezi michache baadaye mahakama ya juu ikamruhusu. Sina ugomvi na mtoto yule wala malezi yake. Swali langu linahusu wanandoa wasio na jina waliotii sharti lilelile.

Hilo sharti la kutambuliwa kwa amri si urasimu. Adam Crapser alichukuliwa kutoka Korea Kusini kwenda Marekani akiwa na miaka mitatu. Wazazi wa kuasili hawakumwombea uraia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyowapa uraia watoto wa kuasili moja kwa moja haikuwagusa waliokuwa wamevuka miaka 18 ilipoanza kutumika, na yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka 2016, akiwa baba wa watoto, alifukuzwa kwenda Korea, nchi ambayo hakujua lugha yake. Mtoto anayeondoka Dar es Salaam au Lubumbashi leo anapaswa kuondoka na jibu la uraia lililoandikwa, tena awe nalo mkononi kabla ndege haijaruka.

Ningekuwa na sauti Kinshasa, Nairobi au Dodoma ningeomba machache. Uchunguzi wa asili ya mtoto ufanywe na ofisa wa serikali, katika eneo alikotoka, kwa lugha ya mzazi, kabla jina lake halijaingia kwenye orodha yoyote. Asiwe mtu anayelipwa na kituo wala shirika. Mzazi aelezwe kwa maneno ya wazi kwamba mtoto hatarudi, na apewe muda wa kubadili mawazo. Zuio likitangazwa, liseme wazi linaanzia kwenye hatua ipi, na kila jalada lililokwisha kupita hatua hiyo lipewe tarehe ya uamuzi.

Nazo nchi zinazopokea watoto zibebe gharama ya makosa yaliyopitia mikononi mwao: vipimo vya vinasaba, wakalimani, wakili wa kumsemea mama wa Gemena mbele ya hakimu wa Ubelgiji, na nauli ya kumfikisha kwa mwanawe. Italia ilipata ndege ya serikali ya kuwachukua watoto 31 Kinshasa. Ubelgiji haiwezi kushindwa na tiketi ya mama mmoja.